Jinsi ya Kulifilisi Duka Lenye Kila Kitu: Mwongozo kwa Mwekezaji wa Meru na Embu

Kufungua duka si kazi. Pale Makutano mjini Meru kila mlango ni duka, na ukisimama vibaya unaweza kufunguliwa duka mgongoni. Kulifunga nako si kazi: unavuta mlango, unabandika karatasi ya nambari ya simu ya mwenye nyumba, unapanda matatu. Kinachotaka kipaji ni kujenga matawi zaidi ya 60, kumshawishi kila mtu kuanzia Embu hadi Maua kwamba huwezi kuanguka, kisha kuanguka ukiwa unadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30, na kumwacha kila unayemjua akishangaa kwa sauti kwamba hakuona dalili yoyote.

Kenya ina mabingwa watatu wa fani hii, wote wenye misururu ya maduka makubwa: Uchumi, Nakumatt na Tuskys. Wamefanya kazi kwa zamu, kila mmoja akimtazama aliyemtangulia akiporomoka, kisha akaingia mwenyewe kwa moyo mkunjufu. Mwongozo huu umekusanya mbinu zao kwa faida ya mwekezaji anayetaka kujaribu bahati yake kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya.

Hatua ya kwanza ni kuuza magodoro. Usicheke. Nakumatt ilianzia Nakuru kama duka la magodoro la familia ya Shah, na jina lake limefumwa kutokana na mji huo na magodoro hayo. Tuskys ilisajiliwa kama Tusker Mattresses, kazi ya mzee Joram Kamau wa Rongai, kaunti hiyohiyo ya Nakuru. Naivas nayo ilitoka Rongai mwaka 1990. Ikiwa ulizaliwa Runyenjes au Nkubu usivunjike moyo, ila fahamu kwamba watu wa Nakuru wamekutangulia kwa hatua nyingi, na wote walikuwa wakipumzika vizuri usiku. Anayenunua godoro hulipa hapohapo, halafu anakumbuka blanketi. Aliyekumbuka blanketi anakumbuka themosi. Wa themosi anauliza kama mna majani chai. Baada ya miaka michache unauza televisheni, viatu vya shule, nyama ya kusaga na baiskeli ya mtoto chini ya paa moja, na kauli mbiu yako inamwahidi mteja kwamba chochote anachohitaji, mnacho. Ahadi hiyo iweke kwenye bango kubwa. Itakuja kuchekesha baadaye.

Ukikosa godoro, tafuta serikali. Uchumi iliundwa mwaka 1975 na mashirika matatu ya umma, ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi mwaka 1992, na kwa muda mrefu ikawa ndilo duka ambalo mfanyakazi wa serikali aliliendea mwisho wa mwezi akiwa amevaa tai. Faida ya njia hii ni kwamba unaweza kufilisika mara mbili. Uchumi ilifunga milango mwaka 2006 na kuwekwa chini ya mrasimu, serikali ikaingilia kati, milango ikafunguliwa tena, hisa zikarudi sokoni mwaka 2011, watu wakapiga makofi. Mwaka 2015 bodi ikamwachisha kazi mkurugenzi mkuu yuleyule aliyesifiwa kwa kuifufua, na kampuni ikaanza kuteremka upya kwa njia iliyokwisha kuizoea. Mfanyabiashara wa kawaida wa Embu akianguka mara moja, mke wake na benki hawampi nafasi ya pili.

Sasa chagua mji. Embu ilikuwa makao makuu ya uliokuwa Mkoa wa Mashariki, kwa hiyo ina desturi ya mshahara. Kisha zikaja serikali za kaunti mwaka 2013, na kila mji wenye gavana ukapata mawaziri wa kaunti, madereva wa mawaziri, na binamu za madereva. Vyuo vikuu navyo vikafuata: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilipata hati yake mwaka huo wa 2013, kile cha Embu mwaka 2016, na wanafunzi ni watu wanaoweza kuishi kwa mkate na maziwa ya pakiti muhula mzima. Ongeza mkulima wa majani chai anayepokea bonasi karibu na mwezi wa Oktoba, wa kahawa anayelipwa na chama chake cha ushirika, na wa miraa wa Igembe ambaye fedha zake huingia kila siku ndege zinaporuka. Ukiwapanga hao wote kama wateja kwenye karatasi, jumla yake inapendeza mno.

Jambo muhimu ni kutotazama kalenda. Bonasi ya chai haiji kila mwezi. Miraa nayo ina mambo yake: Uholanzi iliifungia mlango Januari 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Somalia, mnunuzi mkubwa kuliko wote, imewahi kusimamisha ndege za miraa zaidi ya mara moja; zuio lililoanza mwaka 2020 lilidumu hadi 2022. Siku ndege isiporuka, pesa za miraa kutoka Maua hazishuki Meru, na seti ya sofa inakaa dukani ikikusanya vumbi. Mwekezaji makini angepunguza bidhaa na kusubiri. Wewe ongeza tawi.

Halafu uzinduzi. Kodisha nafasi kubwa kabisa katika jumba jipya la maduka, uwe yule mpangaji ambaye jumba zima linamtegemea. Mwenye jumba atakupa kodi nafuu kwa sababu bila wewe hapati wa kupangisha vile vyumba vidogo vya simu, vipodozi na kinyozi. Kata utepe. Leta viongozi wenye kofia. Toa kadi ya pointi. Nakumatt ilipofika Meru na tembo wa nembo yake, mtu aliyekuwa amenunua kiberiti tu alitoka pale kwa mwendo wa mtu aliyesaini mkataba.

Mfuko, kwa kweli, unastahili aya yake. Ule mfuko wa nailoni wa tembo haukuwa chombo cha kubebea, ulikuwa cheti. Ulikunjwa vizuri, ukawekwa chini ya godoro, ukatolewa siku ya safari. Ulibeba viazi vya Kibirichia vilivyonunuliwa soko la Gakoromone kwa mama aliyeketi kwenye gunia, na hakuna aliyeuliza. Ulibeba nguo za mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ukabeba mahindi ya kuchoma kwenye matatu ya Chuka. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya nailoni tarehe 28 Agosti 2017, mwaka uleule ambao matawi ya Nakumatt yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Kwa hiyo kuna watu kwenye mteremko huu waliopoteza duka na ushahidi wa kuwahi kwenda dukani katika msimu mmoja.

Tumefika kwenye kiini cha fani, na hapa nakuomba usome polepole.

Usitumie pesa zako. Zako ni za nini? Tuseme tawi lako linauza bidhaa za shilingi milioni 1 kwa siku. Mteja analipa leo, taslimu au kwa M-Pesa. Aliyekuletea bidhaa umeahidi kumlipa baada ya siku 90. Ukiondoa faida yako na mishahara na umeme, bado una mamilioni kadhaa kila wiki ambayo yako mkononi mwako na si yako. Wahasibu wana maneno ya adabu ya kuelezea hali hii. Hakuna benki itakayokukopesha kwa masharti mazuri kiasi hicho: hakuna riba, hakuna dhamana, na mkopeshaji anakuletea mkopo mwenyewe kwa pikapu, anaupakua, anaupanga kwenye rafu, na anamleta kijana wake asimame hapo kuufuta vumbi. Mara nyingi unamtoza pesa juu yake ili bidhaa zake zikae mahali panapoonekana.

Pesa hizo ndizo utakazofungulia tawi la pili. Tawi la pili nalo litaleta wakopeshaji wapya, na pesa zao zitamtuliza yule wa tawi la kwanza aliyeanza kupiga simu. Hapo utakuwa umeelewa kwa nini huwezi kusimama. Duka linalokua linaweza kuficha karibu kila kitu. Lililosimama, hata mwaka mmoja, linaonekana hadi mifupa. Ndiyo maana mabingwa wetu walikuwa wakizindua matawi hadi muda mfupi kabla ya kuyafunga. Watu walidhani ni ulevi wa ukubwa. Mimi naona ilikuwa hesabu, na ilikuwa sahihi kila siku isipokuwa ya mwisho.

Siku 90 zikitimia, anza kuzivuta. Hapa unahitaji karani wa hesabu mwenye sauti laini, umkalishe kwenye dirisha dogo nyuma ya duka, karibu na mahali pa kupakulia mizigo. Mazungumzo yaende hivi:

"Mama, habari ya kazi. Nimekuja kuhusu ile invoisi ya Machi."

"Karibu mzee. Haijatoka Nairobi."

"Wiki jana ulisema imetoka Nairobi."

"Ilitoka, ikarudi. Ilikosa muhuri."

"Basi nipe hiyo mliyokosea nikawapelekee wapige muhuri."

"Njoo Ijumaa, mzee wangu."

"Ijumaa gani?"

Hapo karani atabasamu na kumpa LPO nyingine, yaani oda rasmi ya bidhaa, kubwa kuliko ya kwanza. Huu ndio ufundi wenyewe. Mzee anatoka amekasirika na amefurahi kwa wakati mmoja, kwa sababu akikataa oda mpya ana hofu kwamba atakuwa ameizika ya zamani. Kwa hiyo anakwenda kwenye chama chake cha akiba na mikopo, anaweka kipande cha shamba, anakopa ili akukopeshe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakuwahi kufikiria mtu anayeweza kuhudhuria harusi na kuwatumia wengine matanga.

Kuhusu familia na bodi sitakaa sana, maana kila nyumba ina elimu hii tayari. Mzee Joram Kamau wa Tuskys alifariki mwaka 2002 na kuacha kampuni kwa watoto wake, na mizozo ya ndugu hao ikafika mahakamani na kwenye magazeti. Fuata mfano huo: kutaneni mbele ya hakimu zaidi kuliko mbele ya daftari la mauzo. Mwaka 2020 wasambazaji walipokuwa wamechoka, kampuni ilitangaza kwamba hazina moja ya uwekezaji kutoka Mauritius itaipa shilingi bilioni 2. Tangazo la namna hiyo ni zuri, linaweza kukununulia miezi. Tuskys ilikuwa na matawi zaidi ya 60; mwaka uliofuata yalikuwa yanahesabika kwa vidole.

Vuka mipaka pia. Nakumatt ilikwenda Rwanda, Uganda na Tanzania, na mwaka 2014 ikanunua maduka ambayo Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwa imeamua kuyaacha Tanzania. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini yule wa kwanza anaondoka. Uchumi nayo iliingia Kampala na Dar es Salaam, ikatoka kote kuwili Oktoba 2015. Faida ya matawi ya nje ni kwamba yanapotafuna pesa, yanatafuna mbali, ambako meneja wa Meru haoni; anachoona yeye ni kwamba jokofu la maziwa lina nafasi.

Nakumatt ilikuwa na huzuni ambazo si za kucheka, na mwongozo huu hauzigusi: moto wa tawi la Downtown jijini Nairobi Januari 2009, na shambulio kwenye jumba la maduka la Westgate Septemba 2013. Lakini deni lililoiua lilikuwa la kawaida kabisa, la sabuni na unga na kodi ya jengo, pamoja na mabilioni yaliyokopwa kwa hati za muda mfupi zinazoiva kabla duka jipya halijaota mizizi.

Sasa sanaa ya rafu tupu. Inashangaza jinsi inavyopuuzwa katika vyuo vya biashara.

Msambazaji wa kwanza kuacha kuleta ni yule mkubwa, mwenye mawakili. Nafasi yake isibaki wazi. Chukua karatasi za chooni na uzipange safu moja, kutoka mwanzo wa ujia hadi mwisho, pakiti moja kando ya nyingine kwa unene wa pakiti moja tu. Kwa mbali rafu inaonekana imejaa. Zikiisha, tumia maji ya chupa. Maji yana heshima: ni safi, yanang'aa, na hakuna mteja anayeuliza kwa nini yapo kwenye sehemu ya viatu. Kunja ncha ya duka kwa kuweka pazia na kibao cha "Tunakarabati". Zima majokofu mawili ili matatu yaonekane yana kazi. Keshia aambiwe kwamba mashine ya kadi imeharibika leo, na kesho pia ni leo. Mkate utaendelea kuwapo hadi siku ya mwisho, kwa sababu mwenye mkate hataki kusikia habari za siku 90, anapewa pesa zake mlangoni. Mteja wa Embu mwenye macho angetambua hivyo hali ya kampuni nzima bila kusoma gazeti: duka linalobaki na mkate, maji na karatasi za chooni ni duka linalolipia kitu kimoja tu.

Wafanyakazi watakuwa wengi kuliko wateja. Waagize wapange tena chupa za maji. Wengi wao watakuwa watu wa hapohapo, waliotoka Gitimbine na Kaaga kwa miguu wakiwa na sare zilizopigwa pasi, na watazipiga pasi hadi siku watakayokuta mlango umefungwa kwa mnyororo wa mwenye jumba na madalali wakiandika nambari kwenye toroli. Hakuna haja ya kuwaandikia barua. Mnyororo unasomeka.

Kisha atateuliwa msimamizi. Wa Nakumatt aliteuliwa na mahakama Januari 2018, na kwa miaka miwili alijaribu kuifufua maiti huku wenye majengo wakiyachukua majengo yao. Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ivunjwe. Matawi sita yaliyokuwa yamebaki yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422. Weka milioni 422 kando ya bilioni 30, upige hesabu, halafu ukumbuke kwamba kuna foleni: gharama za kufilisi, benki zilizoshika dhamana, mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango ambacho sheria inaruhusu, kodi ya serikali. Yule mzee wa invoisi ya Machi yuko mwisho wa foleni, nyuma ya watu ambao hawajawahi kubeba kreti. Kadi yako ya pointi usiitaje hata.

Mji wenyewe hautakulilia muda mrefu. Nafasi yako itakatwakatwa kwa mbao iwe vibanda vya simu na nguo za mitumba, au ataingia mwingine na kukata utepe wake. Naivas iko Meru na iko Embu. Maguna's, waliotoka Murang'a, wako Embu wakiuza unga na sukari bila ngazi ya umeme na bila televisheni ya inchi 65, na sijawahi kusikia mtu akiota kuhusu duka lao, sifa ambayo nadhani imewasaidia. Maduka ya jumla ya mtaani yanaendelea kumpimia mama mafuta ya shilingi 20, kazi ambayo hakuna jumba la maduka lililowahi kuiona kuwa na maana.

Mwisho, tahadhari, kwa kuwa mpango huu unaweza kuharibika. Hatari ya kwanza ni mwanahisa wa nje anayetaka hesabu zilizokaguliwa: Naivas iliwakaribisha wa namna hiyo mwaka 2020, kisha kundi la IBL la Mauritius mwaka 2022, na maduka ya Quickmart yalishikwa mkono na hazina ya uwekezaji ya Adenia. Watu hawa huuliza maswali kabla ya tawi kufunguliwa, jambo linalochelewesha sana kufilisika. Hatari ya pili ni Mamlaka ya Ushindani, ambayo siku hizi ina meno kuhusu namna mnunuzi mkubwa anavyombana msambazaji. Desemba 2023 iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa jinsi ilivyowatendea wasambazaji wawili, mmoja wao muuzaji wa asali. Fikiria: bilioni nzima, na asali imo.

Hatari ya tatu ndiyo mbaya zaidi, na haina dawa. Ni msambazaji aliyewahi kuchomeka. Utampata Imenti, ana ndizi nzuri, ana pikapu, ana adabu zote. Atarudisha gari kinyumenyume hadi mlango wako wa kupakulia, azime injini, ashuke, akusalimie vizuri, aulizie watoto. Kisha ataegemea mlango wa gari akitazama simu yake, na hatafungua kamba ya turubai hadi ujumbe wa M-Pesa uingie.